Kivuli cha Zamu

Ijumaa moja ya Septemba, saa mbili kasoro robo asubuhi, Hulda Maliro alikuwa amepiga magoti chini ya meza katika ukumbi wa parokia moja mjini Butembo, akitafuta mahali pa kuchomeka waya wa projekta. Projekta ilikuwa ya kuazima. Jenereta ilikuwa ya kwaya. Waya mrefu wa umeme uliazimwa nyumbani kwa Profesa Éphraïm Kasika, na kwa sababu hiyo mke wa profesa hangepiga pasi mpaka Jumapili.

Ndivyo mkutano wa watu wa hifadhidata ulivyokwenda kila mwaka, na huu ulikuwa wa tatu. Kwa siku mbili walikutana watu wanaotunza majina na tarakimu za wengine: makarani wa hospitali, wa shule, wa vyama vya kahawa, wa ofisi za parokia. Hakuna aliyelipwa kwa kuzungumza. Waliotoka Beni na Lubero walilala kwa wenzao wa Butembo, na asubuhi walionekana wakija wawili wawili kwenye pikipiki moja, kompyuta zikiwa zimefungwa ndani ya mifuko ya nailoni kwa ajili ya vumbi.

Hulda alitoka Beni. Alifanya kazi katika shirika moja lililogawa chakula kwa watu waliokimbia vita, naye ndiye aliyetunza orodha yao. Mwaka wa kwanza wa mkutano alikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, ili aweze kutoka bila kuonekana akishindwa kuelewa. Hakutoka. Wakati wa chai mtu asiyemjua alimketisha kwenye ngazi za ukumbi, akamwonyesha jinsi ya kuipa orodha faharasa, kama zile kurasa za nyuma ya kitabu cha nyimbo zinazokwambia wimbo uko wapi. Kabla ya siku ile orodha yake ilifunguka kwa dakika arobaini. Aliporudi Beni ilifunguka kwa sekunde nne. Wafanyakazi wenzake walidhani imeharibika.

Tangu hapo alijifunza kila kilichofundishika. Aliwaandikia wale wa mkutano, nao wakamjibu, hata saa za mlo. Mwaka wa pili aliuliza maswali sita. Mwaka huu Éphraïm, mmoja wa waandaaji, alimpigia simu akamwambia, "Sasa ni weye utasema. Sisi tutasikiliza." Hulda alifanya mazoezi wiki tatu mbele ya kioo cha kabati.

Alianza kuzungumza saa tatu na nusu. Jua lilikuwa likiingia kwa madirisha ya mashariki, na vivuli vya watu mia moja na kumi na wawili vililala sakafuni upande wa kulia wa viti. Alieleza namna orodha yake ilivyokuwa na majina yaliyoandikwa mara mbili, mara tatu, hata mara nne, na namna alivyotunga amri ya mistari kumi na moja iliyopita ndani ya orodha nzima na kuyaunganisha. Mistari elfu sitini na moja mia nne na minane iliingia. Ilitoka elfu hamsini na saba mia moja na ishirini. Kazi ambayo makarani watano wangeifanya miezi, amri yake iliifanya wakati maji ya chai yakichemka.

Watu walipiga makofi. Lilikuwa jambo zuri kweli, na waliojua ugumu wake walipiga makofi zaidi.

Akaweka mfano ukutani, ili waone kwa macho. KATUNGU EMÉRENCE, mwanamke, Alimbongo, tarehe moja Januari 1990. Jina lilikuwa mara nne, moja chini ya jingine. Akabonyeza, likabaki moja.

Wakati huo wanawake waliopika chai walikuwa wameingia kwa mlango wa kando na masufuria na mabeseni ya mandazi. Walikuwa wanne. Waliweka vitu mezani, wakatazama ukutani, na mmoja wao, mjamzito wa miezi minane, akafuta mikono kwenye kitenge chake na kuinua mkono kama alivyoona wengine wakifanya.

"Madame, pardon," alisema. "Ile jina ni yetu."

"Ya nani kati yenu?" Hulda aliuliza.

"Ya bote. Tuko banne. Katungu Emérence ya Alimbongo."

Alieleza bila haraka. Hawakuwa ndugu. Kila mmoja alikuwa binti wa tano kwa mama yake, na binti wa tano anaitwa Katungu, hilo halina majadiliano. Emérence lilikuwa jina la mtawa aliyezalisha akina mama pale kijijini miaka ile, na akina mama walimpenda. Tarehe moja Januari walipewa na karani mmoja ambaye hakuwa na muda wa kuuliza. Vita ilipopanda barabara walikimbia kila mmoja na watu wake, wakafikia Bulengera, hapohapo Butembo, wakaandikishwa, wakawa wanapata unga, mafuta na maharagi kila mwezi, nyumba nne, midomo kumi na tisa.

"Kiisha mu mwezi ya tatu, batu ba kugawa bakatuambia Katungu ni moja. Bakatupa jeton moja ya kupokelea chakula," alisema. "Na kivuli nayo ikabakia moja."

Watu waligeuka wakatazama sakafu. Wanawake wanne walisimama kwenye mwanga wa dirisha la tatu, na chini yao kulikuwa na kivuli kimoja, kirefu, kilichotoka miguuni mwa mwanamke mrefu kuliko wenzake. Masufuria yalikuwa na vivuli vyao. Mabeseni pia.

"Leo ni zamu ya huyu," alisema mjamzito. "Mutu mwenye iko na kivuli njo anaenda kupokea. Ule wa kugawa anaangaliaka chini kwanza."

Mwanamume mmoja wa safu ya mbele, Sadrack, karani wa chama cha kahawa cha Lubero, aliinua kalamu.

"Inapitaka kwa mwingine saa ngapi?"

"Asubui. Kiisha kunawa uso."

Sadrack aliandika.

Hulda alikuwa bado ameshika kidude cha kubadilishia picha. Picha iliyofuata ilikuwa ya mwisho, ya kushukuru waandaaji, na ilikuwa na maua. Angeweza kuibonyeza. Badala ya kwenda mbele alirudi nyuma, akaiweka tena ile picha yenye tarakimu mbili, ya kuingia na ya kutoka.

"Njo mimi nilifanya," alisema, akijinyooshea kidole. "Tarehe kumi na ine ya mwezi ya tatu. Nilifurahi sana ile siku. Nilinunulia benzangu soda."

"Yangu ilitoka nikiwa mu laini ya maji," mmoja wa wanawake alisema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka tarehe ya harusi. "Nikawaza ni mawingu."

"Munisamehe," Hulda alisema.

"Hatukukuya kwa kukulaumu, madame. Tulileta chai."

Basi kila mtu akanywa chai, kwa kuwa ilikuwa inapoa. Éphraïm alizunguka na kikombe chake mpaka kwa Sadrack, ambaye ndiye angezungumza baada ya mapumziko. Sadrack alikuwa ameandaa mada yake miezi miwili na alikuwa amevaa koti jipya kwa ajili hiyo.

"Saa yako," Éphraïm alianza.

"Chukueni," Sadrack alisema. "Donc, mimi pia niko na batu ndani ya liste yangu. Sijui iko namna gani kwao."

Walisukuma viti, wakaunganisha meza. Hulda alikuwa ametunza nakala ya orodha ya kabla ya amri yake, kwa sababu mwaka wa kwanza wa mkutano mtu alimwambia asifute kamwe kitu bila kuweka nakala, na alikuwa mtu wa kushika anachoambiwa. Wakaifungua. Providence, muuguzi aliyetunza daftari za chanjo huko Mabalako, alisema wao walikuwa karibu kupoteza watoto namna hiyohiyo. Sasa wanauliza jina la mama, kilima alichozaliwa mtoto, na nani alimfuata tumboni.

"Jina inafanana, mwaka inafanana," alisema. "Mais mutu ya kukufuata, ile haifananake."

Waliwaketisha wale wanawake wanne na kuwauliza, mmoja mmoja. Mrefu alifuatwa na mapacha. Mjamzito hakufuatwa na mtu, alikuwa kitinda mimba. Wakati huo watu wa mezani walitunga amri mpya, wakibishana kwa Kifaransa na kupatana kwa Kinande. Mtu akipata jibu aliinuka akawaonyesha wengine hadi kila mmoja aelewe. Hakuna aliyeficha alichojua. Hulda alikuwa katikati yao, mikono ya shati imekunjwa, na ilikuwa wazi kwa kila aliyemtazama kwamba yeye ndiye bora kuliko wote mle ndani. Alisoma kosa lake mwenyewe mstari kwa mstari, kwa sauti, akieleza alipopotea, na watu wakaandika. Hata mafundi wa miaka ishirini waliandika.

Saa kumi kasoro robo jioni walikuwa na jibu. Kati ya mistari elfu nne mia mbili themanini na minane iliyounganishwa, elfu tatu mia tisa na sita ilikuwa watu.

Hulda alibonyeza. Katika kompyuta yake Katungu Emérence wa Alimbongo wakawa wanne, kila mmoja na mama yake na kilima chake. Jua lilikuwa limehamia madirisha ya magharibi. Vivuli vitatu vilitokea sakafuni kando ya kile cha kwanza, bila sauti, kama mtu anapotandua mkeka. Cha mjamzito kilikuwa kimekonda kidogo na hakikuwa na tumbo. Alikitazama, akageuka upande, akakitazama tena.

"Hakijui bado," alisema. "Kilitoka mbele tumbo halijaonekana."

Kikaanza kujaa taratibu.

Hulda alitoka uani akampigia mkuu wake wa Beni. Alimweleza yote kwa mpangilio, kama mkutanoni. Mkuu alisikiliza vizuri. Kisha alisema orodha ilifungwa mwezi wa nne na kutumwa makao makuu, na haifunguliwi mpaka mpango mpya, na tarehe ya mpango mpya haijulikani. Alisema pia kwamba makao makuu yalifurahia sana ile tarakimu ndogo, na kwamba barua ya pongezi yenye jina la Hulda iko njiani.

"Chef, ni batu," Hulda alisema.

"Najua, Hulda. Kazi nzuri."

Alirudi ndani. Kompyuta ilikuwa mali ya ofisi na ilitakiwa Beni Jumatatu, na barua haikuwahusu wale wanawake. Aliwaambia ukweli: vivuli vile vitakaa muda ambao kompyuta itabaki imewashwa, basi. Wao waliitikia. Wakatoka nje wote wanne, wakatembea uani mara mbili, kwenda na kurudi, wakiangalia chini. Watu wa mkutano walisimama mlangoni na kuwaacha watembee. Jenereta ilipoishiwa mafuta waliendelea kwa betri, na betri ilipofika asilimia tatu mwanamke mrefu alisema inatosha, masufuria hayajaoshwa.

"Wasingya," walimshukuru Hulda kwa Kinande, kila mmoja kwa zamu, wakimshika mkono.

Amri mpya ilienda na watu nyumbani. Kufikia mwezi wa kumi ilikuwa ikitumika katika hospitali mbili na shule kumi na moja. Chama cha kahawa cha Lubero kiligundua wakulima themanini ambao kilidhani ni arobaini, nao wakaanza kuonekana kwenye mikutano. Kwa orodha ya Hulda mambo yalibaki yalivyo. Kila Alhamisi alijaza fomu ya kuomba marekebisho, na kila Ijumaa lilikuja jibu kwamba ombi limepokelewa. Barua ya pongezi ilifika. Aliiweka chini ya mashine ya kuchapisha, ambayo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi.

Mjamzito alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alizaliwa na kivuli chake kamili, kwa kuwa alikuwa hajaandikwa popote. Hulda alisafiri kutoka Beni siku ya tisa, akiwa na sabuni, nguo za mtoto na kompyuta, akamkuta mama na mtoto Bulengera, wameketi mbele ya mlango wakiota jua la asubuhi.

Waliongea mengi kabla ya kufikia jina.

"Ni binti wa pili, anaitwa Kavira," mama alisema.

Hulda alifungua ile orodha iliyofungwa, ambayo sasa ilisomeka tu, akatafuta. "Tuko nao elfu moja mia tatu na sita," alisema polepole. "Dada, tumuongezee ingine. Jina yenye hakuna mutu anayo. Nilitafuta, niko nazo hata tano."

Mama alifikiri, kwa heshima, kwa sababu mgeni alikuwa amehangaika.

"Ni wa pili," alisema. "Wa pili ni Kavira. Ile liste njo itajifunza."

Hulda aliandika Kavira, katika faili la watakaoingia mpango mpya. Aliandika jina la mama, na kilima, na mwaka, na mwezi, na siku yenyewe, na kwenye nafasi ya anayemfuata aliandika kwamba bado.

Haikuwa zamu ya mama siku hiyo. Alimpakata mtoto na kumnyonyesha juani, na juu ya udongo mbele ya mlango kivuli kidogo cha mtoto kilielea peke yake, kikipanda na kushuka, bila kubebwa na kitu. Jirani mmoja aliyepita na ndoo ya maji alikikwepa asikikanyage, akawasalimu wote wawili, mama na mtoto.