Andika, Usinipigie

Mbeti alikuwa karani wa ghala huko Industrial Area kwa miaka ishirini na saba, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba neno lisiloandikwa ni upepo. Dereva akimwambia amepakia magunia yote, alimsukumia daftari na kumwambia aandike. Alipostaafu hakubadilika. Ukimweleza jambo la maana kwa mdomo alikutazama tu, kana kwamba anangoja ulete karatasi yake. Kwa hiyo siku aliyogombana na binti yake wa pekee, Mumo, neno lililomtoka lilikuwa lile lile la ghalani.

"Usinipigie simu tena," alimwambia. "Ukiwa na la kuniambia, andika."

Kilichowagombanisha ni mbuzi watatu. Au tuseme mbuzi walikuwa nje tu, na ugomvi wenyewe ulikuwa ndani. Mumo alifanya kazi ya maabara katika zahanati moja huko Huruma, na huko ndiko alikokutana na Abukar, kijana mwembamba aliyekuja kupimwa homa inayowapata watu wa mifugo. Ukoo wa Abukar ulikuwa wa wauza mbuzi pale Kiamaiko, penye soko la mbuzi na machinjio. Homa ilipona, lakini Abukar akaendelea kuja. Mwaka ukapita, wakakubaliana kuoana.

Abukar hakuja kwa Mbeti mikono mitupu. Aliwauliza madereva Wakamba, kabila la kina Mumo, wanaoleta mifugo sokoni jinsi mambo yao yanavyokwenda, wakamwambia hakuna posa bila mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua mlango wa mahari. Basi Jumapili moja mchana akafika Makongeni, kwenye nyumba za reli, akiwa na wajomba zake wawili waliovaa kanzu safi na kofia za Kiislamu, Mumo akiwatangulia, na mbuzi watatu weupe waliochaguliwa kwa macho ya watu wanaojua mbuzi. Waliwafunga kwenye ua, wakabisha hodi.

Mbeti aliwatazama kupitia pazia. Marehemu mumewe, Mbithi, alikuwa mzee wa kanisa. Picha yake ilikuwa ukutani, ndani ya kuta zile nne ambamo Mumo alizaliwa na kufundishwa kusali. Mbeti akafungua mlango nusu, akasimama katikati yake. Hakuwakaribisha. Mjomba mmoja alipoanza kueleza safari yao kwa adabu, alimkatiza.

"Mbuzi wa Kiamaiko ni wa kuchinjwa," alisema. "Si wa kuolea binti yangu."

Abukar aliinama akaanza kufungua kamba, na mafundo yakamshinda. Mumo alikuja akamsaidia. Kisha akarudi mlangoni, na hapo ndipo mama na mwana walipoambiana mengi, mpaka Mbeti akafunga na lile neno la kuandika.

Wiki moja baadaye Mbeti aliitazama simu yake akaichukia. Ilikuwa aifoni, kuukuu lakini nzuri. Mumo alikuwa akiitumia yeye mwenyewe, na aliponunua mpya akampa mama yake, akamfundisha kila kitu kwa subira kwenye kochi lile lile. Mbeti akaona hawezi kukataa mkwe huku anatembea na zawadi ya binti mkononi. Akaizima, akachomoa laini, akaisokomeza chini kabisa ya sanduku la nguo. Halafu akaenda Jogoo Road kununua simu nyingine kwa Aluoch.

Aluoch alikuwa na kibanda kidogo chenye vioo, na alijulikana kwa sababu moja: hakumuuzia mtu simu akamwacha ahangaike nayo. Alimchagulia Mbeti simu ya Androidi yenye maandishi makubwa, akaweka laini, kisha akanyoosha mkono.

"Sasa nipe ile ya zamani, Mama."

"Ya nini?"

"Kuhama simu ni kama kuhama nyumba, hasa ukitoka aifoni kuja huku. Hazielewani. Lazima zote mbili ziwe hapa, ziko na chaji. Kwanza tunahamisha majina na namba. Halafu picha, hizo huchukua muda, usiniharakishe. WhatsApp pia ina njia yake."

"Hiyo siko. Nilitoka mwaka jana. Makelele ya vikundi. Mimi ni mtu wa meseji."

"Basi hizo meseji ndizo muhimu." Aluoch alisogea karibu. "Aifoni kwa aifoni zina mtindo wao. Meseji inapita kwa intaneti, inakuwa rangi ya buluu. Kuna kitufe cha kuzima hiyo kitu kabla laini haijatoka. Usipokizima, mtu mwenye aifoni akikuandikia, meseji inaenda kutafuta ile simu ya zamani. Hapa hutaiona. Na yeye hatajua."

Mbeti alikuwa ametoa kijidaftari na kuandika: majina, picha, kitufe. Akafikiria. Katika watu wote aliowajua, mwenye simu ya aina hiyo alikuwa mmoja tu.

"Hilo liache," alisema.

"Mama, ni dakika mbili. Hata kama iko mbali, kesho uilete."

"Nimesema liache. Mwenye aifoni ninayemjua hatuzungumzi."

Akakipiga kistari kile kipengele cha mwisho, kama alivyokuwa akifuta mzigo ambao haukufika. Majina machache aliyoyahitaji aliyaingiza mwenyewe kwa mkono, jioni nzima. La Mumo aliliruka. Namba yake aliijua kwa kichwa.

Hasira ya mzazi, hata iwe kali vipi, haina mizizi. Siku ya tisa Mbeti alijikuta anapika chakula cha watu wawili. Akasema moyoni, akiandika nitamjibu. Baada ya hapo akaanza kuiweka ile simu mpya mezani pale anapoiona, hata akiosha vyombo. Kila ilipolia alikausha mikono kwa leso. Ilikuwa ni kampuni ya simu inamtangazia bando. Ilikuwa ni katibu wa akina mama kanisani. Alianza hata kuandika jibu kwenye kijidaftari, akafuta, akaandika tena: Mlete nimwone vizuri, ile siku sikumwona. Lakini jibu huwezi kulituma kabla ya barua. Yeye ndiye aliyesema andika, na mtoto ndiye anayeanza. Siku mbili tatu hivi alibonyeza namba ya Mumo mpaka tarakimu ya mwisho, akafuta.

Wiki ya tatu ikapita, na ya nne. Mbeti akaanza kumlaumu Mumo kwa jambo jipya. Kumbe ana kiburi hivyo, akawaza. Kumbe hata mstari mmoja ameninyima.

Wiki ya tano alitaka picha tu. Simu mpya haikuwa na hata moja ya Mumo, na kulikuwa na ile aliyopigwa siku ya kwanza kazini, amevaa koti jeupe la maabara linalompwaya mabegani. Mbeti alitoa nguo zote sandukuni, akaifunga ile aifoni kwenye leso, akarudi kwa Aluoch.

"Nataka picha," alisema. "Mambo mengine achana nayo."

Aluoch aliiweka kwenye chaji. Ilikawia kuwaka. Ilipowaka akaiunganisha na intaneti ya kibanda, akaanza kutafuta waya wa kuhamishia. Hapo simu ikatetemeka juu ya kioo cha kaunta. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena, mara tatu mfululizo.

Aluoch alitupa jicho, akaona jina. Alimgeuzia Mbeti simu ile, kisha yeye mwenyewe akageuka akawa anapanga makava ya simu ukutani ambayo yalikuwa yamepangika.

Zilikuwa nne, zote za buluu.

*Mama, ulisema niandike, naandika. Sijui nianzie wapi. Sitaki tuendelee hivi. Abukar amesema atangoja mpaka uwe tayari, hata mwaka, lakini wazee wake wameshapanga siku ya harusi. Niambie tu tungoje, nitawaambia. Niandikie neno moja.*

*Mama, ni Jumamosi hii, saa nane mchana, nyumbani kwao Kiamaiko. Si lazima ukubali chochote. Si lazima useme na mtu. Njoo ukae tu.*

*Tunakungoja. Nimewaomba wasianze. Mamake Abukar amekuwekea kiti kando ya mlango, amesema ukichoka na watu utoke bila kupita katikati yao. Selpher wa kazini yuko nami lakini si kama wewe. Ni saa tisa na nusu sasa.*

Ya mwisho ilikuwa imeandikwa siku nane baada ya harusi.

*Meseji zangu haziandiki kwamba zimefika. Nimeuliza, nikaambiwa ndivyo inavyokuwa mtu akiifungia namba yako. Nimeelewa, Mama. Tunahamia Moyale, Abukar amepata kazi ya malori ya mifugo. Sitakusumbua tena. Dawa zako za presha usiziruke.*

Mbeti alisoma kama alivyosoma hati za mizigo, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Alipomaliza akaanza tena juu. Aluoch alimletea kigoda.

"Uliniambia," Mbeti alisema.

"Mama, keti kwanza."

"Uliniambia, na mimi nikapiga kistari."

Alimpigia Mumo pale pale. Mteja hakupatikana. Akapiga mara ya pili na ya tatu, sauti ni ile ile. Basi akaifunga simu katika leso na kwenda Kiamaiko bila kupita nyumbani.

Soko lilikuwa limechangamka, mbuzi wakilia, watu wakishikana mikono chini ya shuka kupatana bei. Aliuliza nyumba ya kina Abukar, akaelekezwa kwa mwanamke mnene aliyekuwa akiosha matumbo kwenye beseni, ushungi wake umefungwa nyuma ya shingo. Mwanamke yule alimtazama kidogo tu.

"Wewe ni Mama Mumo," alisema. "Macho yenu ni mamoja."

Mbeti alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yakamtoka kichwani. Akatoa simu, akaanza kueleza habari za kitufe, na laini, na rangi ya buluu. Mama Abukar alisikiliza huku maji yakimchuruzika mikononi. Huenda hakuelewa hata nusu.

"Siku hiyo alikaa kwenye dirisha," alisema mwishowe. "Mpaka alasiri. Mimi nilimwambia, binti, mama yako ana machungu, mama hachelewi bure. Saa kumi sheikhe akasema ana harusi nyingine. Ndipo tukaanza."

"Alilia?"

"Hapana. Afadhali angelia."

Alipangusa mikono, akampigia mwanawe kwa laini nyingine, maana ile ya Mumo ilikuwa haishiki mtandao kule. Walisemezana kwa lugha yao. Kisha akampa Mbeti simu na kuondoka na beseni lake, ampe nafasi.

"Mama," sauti ya Mumo ilisema. Ilikuwa mbali, na nyuma yake injini ya lori ilikuwa ikinguruma.

"Mumo. Sikuzipata. Zilienda kwa ile simu ya zamani, nilikuwa nimeizima iko sandukuni. Kuna kitufe sikukizima. Nimezisoma leo, sasa hivi, muulize Aluoch wa Jogoo Road."

Upande wa pili mlango wa lori ulifungwa.

"Mama, si lazima useme hivyo."

"Ni kweli tupu. Naapa kwa baba yako."

"Sawa. Tuseme ni kweli." Mumo hakupandisha sauti. Alizungumza kama anavyozungumza na mgonjwa anayengoja majibu. "Lakini namba yangu ilikuwa ile ile. Unaijua kwa kichwa."

Mbeti aliishika simu kwa mikono miwili. Aliona zile jioni alizofika tarakimu ya mwisho akafuta. Hakukuwa na simu ya kulaumu katika hilo, wala kitufe.

"Nilikuwa naingoja barua yako," alisema, na akayasikia maneno yake yalivyo membamba.

"Nami nilikuwa nangoja jibu." Mngurumo wa injini ulififia, alikuwa amesogea kando. "Sina hasira, Mama. Iliisha siku ile. Ni vile tu nimezoea sasa kwamba hukuja. Nikianza kufikiria kwamba ungekuja, nitaumia upya, na nina kazi kesho."

"Nije huko? Nitapanda basi hata leo."

"Usije sasa. Nitakuambia."

"Lini?"

"Sijui. Wanapakia lori, lazima nimpe Abukar simu yake. Jitunze."

Mama Abukar alimsindikiza mpaka barabarani, akamshika kiwiko kwenye mtaro kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Walipoagana alisema tu kwamba vijana wana mioyo laini, Mumo apewe muda. Mbeti aliitikia kwa kichwa. Alimjua bintiye kuliko mama yule. Mumo hakuwa mtu wa kurudia jambo alilokwisha kulifunga. Hilo alilirithi.

Wiki ile simu haikulia. Kila asubuhi Mbeti alimwandikia: habari za mvua, za jirani, za jino linalomsumbua. Alijilazimisha kupiga pia, mara moja kwa siku, na mara moja mtandao ulishika, Mumo akapokea, akasema wako salama, joto ni kali, akakata kwa upole. Hakutamka tena Mama mwishoni mwa sentensi kama alivyozoea.

Jumapili akina mama walikuwa wamesimama nje ya kanisa wakingoja ibada ya kwanza itoke. Ndunge, katibu wao, alimkumbatia na kuuliza kama watu wanavyouliza, bila kungoja sana jibu.

"Na Mumo wetu, hajambo? Hatumwoni siku hizi."

Mbeti alikuwa na majibu mengi ya kutosha kufika mlangoni. Kazi nyingi, zamu za usiku, yuko safarini.

"Ameolewa," alisema. "Aliolewa na kijana wa Kiamaiko, anaitwa Abukar. Waliniomba niende, wakaningoja mpaka saa kumi. Sikwenda."

Ndunge alimtazama, mkono wake bado uko begani mwa Mbeti. Milango ikafunguliwa, watu wa ibada ya kwanza wakaanza kumiminika, na wale akina mama wakaingia mmoja mmoja, wakakaa mstari mmoja naye, Mbeti akiwa wa mwisho upande wa ukuta, Biblia imefungwa mapajani.