Mpangaji Mpya wa Chumba cha Tano

Mimi nina hasira, sikatai. Marehemu mama alikuwa akisema hasira zangu zitanipeleka jela, nami nilikuwa namjibu kwamba jela nako wanaishi watu. Lakini hasira iliyonipanda siku waliyompiga mjomba wangu, ile hata mimi mwenyewe sikuwa naijua.

Nianze na kazi yangu, msije mkanielewa vibaya. Niko kwenye timu ya jiji inayozunguka kwenye mabaraza ya maduka, chini ya madaraja na nyuma ya masoko, kuongea na watu wanaolala nje. Si kuwafukuza. Wa kufukuza ni wengine, ingawa bahati mbaya vizibao vyetu na vyao vinafanana kama mapacha. Sisi tunamtafutia mtu chumba, jiji linamlipia miezi ya mwanzo, tunamtafutia na kazi, kisha tunamwachia maisha yake. Ukisema haraka haraka inaonekana rahisi. Kuna mzee mmoja tulimbembeleza mwaka mzima ndipo akakubali hata kuitikia salamu.

Sasa mjomba. Huyu ni ndugu wa mama yangu, tumbo moja, na alikuwa fundi makochi. Akikushonea kochi utalikalia mpaka uzeeke nalo. Mkewe alipofariki akazama kwenye pombe, pombe ikala karakana, karakana ikaondoka na nyumba, na sisi ndugu zake tukawa hodari wa kusikitika. Akaishia kulala kwenye baraza la duka la magodoro. Yeye mwenyewe alikuwa akilicheka hilo. "Nalala na magodoro mia," alikuwa akisema, "tatizo ni ukuta tu."

Pombe aliiacha mwenyewe, bila mganga wala mchungaji. Tukampatia kazi kwenye karakana ya samani, aanze Jumatatu. Mwenye karakana alikuwa na sharti moja: hamchukui mtu asiye na pa kukaa. Kwa hiyo chumba kile ndicho kilikuwa kila kitu. Bila chumba hakuna kazi, bila kazi anarudi barazani, na msimu mwingine wa barazani asingeumaliza hai, kifua chake kilikuwa kimeshaanza kutoa mlio.

Chumba tukakipata. Cha tano katika vyumba kumi, milango inatazamana, bomba la maji katikati ya uwanja.

"Mama," aliniambia nilipomkabidhi ufunguo. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Chumba kina kuta nne. Mimi nimezoea mmoja. Hizi tatu nitazifanyia nini?"

"Utaziegemea kwa zamu."

Akacheka mpaka akakohoa.

Kilichonitia wasiwasi ni kimoja. Watu wanaolala nje wana sheria yao: usionekane ukiingia unapolala. Anayejua unapolala ndiye atakayekuvua viatu usingizini, na ukimkatalia atakuchoma kisu. Mjomba alikuwa na kovu shingoni kwa kuisahau sheria hiyo siku moja tu. Nikamwambia, "Mjomba, sasa una mlango, una ufunguo. Pita mlangoni, kifua mbele, uwasalimie watu." Akasema amenisikia. Kusikia alisikia, lakini miaka ile yote ya barazani haikusikia.

Jumamosi alasiri tulikubaliana anisubiri kituoni, twende pamoja nikamtambulishe kwa wapangaji. Mama mwenye nyumba alikuwa amesafiri msibani na hakuna aliyeambiwa kwamba kuna mtu anahamia. Tulipofika kituoni, mimi na dereva wetu na godoro limefungwa juu ya gari, mjomba hayupo. Dereva akasema huenda ametangulia. Nikasema basi twende, huyo mzee ana haraka ya bwana harusi.

Tulipokata kona tukasikia kelele. Kelele zile kila mtu anazijua, si za harusi wala si za mpira. Dereva akapunguza mwendo.

"Wamemshika mtu," akasema.

"Maskini, nani tena," nikasema. Ndivyo nilivyosema, na mkono wangu nimeutoa dirishani nimeshika kamba ya godoro lake.

Lango lilikuwa wazi. Uwanja umejaa watu, na karibu na bomba kuna mtu kalala chini, kakunja magoti, mikono kaizungushia kichwani. Uso sikuuona. Niliona soksi, moja ya bluu na moja ya kijivu. Ni mimi niliyempa.

Walikuwa wanampiga kwa zamu na bila zamu. Mwenye kandambili alipiga kwa kandambili, mwenye jiwe akapiga kwa jiwe. Jitu moja la miraba minne lilikuwa na mpini wa jembe. Mpini ukashuka kwenye mkono wa kulia wa mjomba, nikausikia mfupa. Ule ndio mkono wa sindano. Mfuko wake wa kazi walikuwa wameumwaga chini: nyundo, mkasi, patasi, na zile sindano ndefu za kushonea makochi.

"Angalieni vifaa vyake!" mtu alikuwa akipiga kelele. "Nimemwona kwa macho yangu mawili! Kapanda ukuta wa nyuma, kaingilia dirishani, tumemdaka akichomoza tena kuvuta mfuko wake! Ndiye huyu huyu aliyeiba mashine zangu!"

Huyo, nilikuja kujua baadaye, alikuwa kinyozi wa chumba cha sita. Wiki ile walikuwa wamemvunjia wakamwibia mashine zote za kunyolea. Nami hapo hapo nikaelewa. Mjomba alikuwa amefika, akakuta uwanja umejaa watu wanafua, akaona macho yote yale yatajua anapolala. Akazunguka nyuma na ufunguo wake mfukoni.

Nikaingia. Sikuomba njia. Nilimsukuma mmoja akaangukia beseni la nguo, mwingine aliponishika bega nikamng'ata mkono mpaka nikaonja chumvi. "Ni mjomba wangu!" nikawa napayuka. "Ni mpangaji! Ni mpangaji wa hapa!"

Kizibao kikaniponza.

"Wa jiji hawa!" mwanamke akapiga yowe. "Ndio walionivunjia kibanda changu!"

"Kumbe wezi wanaletwa na jiji!"

Jiwe likanipata juu ya jicho. Damu ikashuka nikawa naona kwa jicho moja. Nikageuka kumtafuta dereva, nikamwona amebanwa ukutani, shati limechanika, simu iko sikioni. Alikuwa anamtafuta mama mwenye nyumba na simu ya huko imezimwa. Mpini ukainuliwa tena. Nikajitupa juu ya mjomba, ukanipata mimi ubavuni, pumzi ikakatika. Chini yangu nikamsikia ananong'ona, "Toka, mama. Toka, watakuua."

"Nyamaza!" nikamwambia. Hata pale nilimgombeza, Mungu anisamehe.

Kisha nikahisi ubaridi mgongoni, na harufu ikanijia. Mafuta ya taa. Mtu alikuwa ameleta kidumu na alikuwa anatumwagia wote wawili, taratibu, kama anayemwagilia mchicha.

"Jamani, chini kuna mwanamke!" akasema mama mmoja mwenye kanga iliyolowa povu. "Nyie, kuna mwanamke! Mtamchoma na mwanamke?"

Wakasita. Kusita kwenyewe kudogo, lakini kwangu kulitosha. Nikainuka, mafuta yananichuruzika, damu inanichuruzika, nikautoa ufunguo wa akiba niliobaki nao.

"Chumba cha tano," nikasema. "Nifuateni. Nisipofungua, mtuchome wote."

Nikapita katikati yao. Ufunguo ukagonga kitasa mara kadhaa kabla ya kuingia. Nikazungusha. Mlango ukafunguka.

Yule mama wa povu ndiye aliyechungulia wa kwanza. Ndani hamkuwa na kitu, ni saruji tupu. Lakini kwenye msumari ukutani kulikuwa na shati, limetundikwa kwa ukosi na vifungo vimefungwa vyote. Chini yake viatu, vimepangwa sawasawa. Kwenye kizingiti cha dirisha, kipande cha sabuni.

"Mwizi gani," yule mama akasema polepole, "anakuja kuiba, anatundika shati?"

Mwenye kidumu akakificha nyuma ya mgongo wake, mtu mzima na ndevu zake, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Kandambili zikarudi miguuni. Lile jitu lenye mpini likauachia ukaanguka.

"Dada, tusamehe," likasema. "Tungejua ni mpangaji..."

"Mngejua nini?"

"Kwamba ana chumba hapa. Tusingemgusa."

"Na asingekuwa na chumba?"

Nikawageukia wote. "Nawauliza! Jana alikuwa hana chumba. Jana ilikuwa halali kumchoma?" Nilitaka mmoja tu anijibu, hata matusi. Hakuna. Nikarudi kwa mjomba. Jicho moja limefumba, meno mawili yametoka, mkono wa kulia umelala upande ambao mkono haulali. Nikasema moyoni, Jumatatu imekwenda. Karakana imekwenda. Yote tuliyoyahangaikia yamekwenda, kwa sababu mzee ameona haya kupita mbele ya watu wanaofua.

Hapo ndipo lile jitu likapata jibu lake.

"Ni kinyozi!" likasema. "Kinyozi ndiye aliyetuponza! Ndiye aliyesema ni mwizi!"

Mngeona walivyopata nguvu upya. Watu wale wale. Kinyozi akarudi nyuma na mikono ameinua. "Jamani, mashine zangu ziliibwa kweli, mnajua, nilidhani..." Kofi la kwanza likamkatisha. Wakamkamata ukosi, wakamburuta mpaka pale pale kwenye bomba, kwenye matope ya damu ya mjomba, na mateke yakaanza. "Mwongo! Unataka kutuulia mtu!" Aliyekuwa akimwaga mafuta sasa alikuwa akipiga kwa ncha ya kiatu, na machozi ya huruma yanamtoka.

Na mimi, je? Nilifurahi. Nisiwadanganye, moyo wangu ulipiga vigelegele. Nikauokota ule mpini. Ulikuwa bado na joto la mkono wa mtu.

"Mpisheni!" akasema mmoja. "Mwacheni mwenye uchungu wake apige!"

Wakanipisha, tena kwa adabu, kama wanavyompisha mfiwa. Kinyozi alikuwa chini, akanitazama. Alikuwa kijana tu, mwembamba wa shingo, na kidevu kilichonyolewa vizuri. Alisema, "Dada." Nikainua mpini kwa mikono yote miwili, nikafumba macho, nikapiga kwa nguvu niliyopewa na Mungu na nyingine nisiyojua ilikotoka.

Kitu kikaguna. Sauti haikuwa ya kijana.

Nikafumbua macho. Mjomba alikuwa amejiburuta kwa mkono mmoja katika matope yale na kujilaza juu ya kinyozi, na mpini wangu ulikuwa umemwangukia yeye katikati ya mgongo. Kati ya mapigo yote niliyoyaona akipigwa siku ile, hakuna lililomtoa sauti ila langu.

Aligeuza kichwa. Ilimchukua muda kuniona kwa lile jicho lililobaki.

"Mama," akasema, "inatosha. Huyu ni jirani yangu."

Chini yake kinyozi alikuwa akilia kwa kwikwi, ameng'ang'ania fulana ya mjomba kwa mikono miwili. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuagana. Mama wa povu alikuja na maji kwenye beseni, akapiga magoti karibu nao. Mimi nilibaki nimesimama na ule mpini, sijui niuweke wapi.