Hitilafu Iliyomfikisha Mwanakheri Mikumi

Mwanakheri alikuwa fundi wa kompyuta mjini Kilosa. Baada ya mafuriko kubeba mpunga wa baba yake huko Chanzuru, aliamua kuunda kifaa cha kupima kina cha mto, kiwatumie wakulima ujumbe wa simu maji yakianza kupanda. Bodi ndogo ya kifaa aliipata. Kilichomshinda ni mfumo wa kuiendesha. Bodi haikuwa na nguvu ya kujijengea mfumo huo, hivyo ilimlazimu aujenge kwenye laptopu yake, yenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya aina nyingine, kisha auhamishie kule.

Kila alipojaribu, kazi ilikwama palepale: faili haliwezi kuendeshwa. Alidhani faili limeharibika. Akapakua mfumo wote upya mara nne, akaazima hata laptopu nyingine. Wapi! Wiki tatu zikapita, na masika yanakaribia.

Ndipo mteja mmoja akamtajia Happiness, mama wa makamo anayetengeneza redio za mawasiliano za hoteli za Mikumi. Mwanakheri akapanda basi la asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua tuone."

Happiness alisoma ripoti ya kazi kwenye laptopu kuanzia juu, hata mistari ambayo Mwanakheri alikuwa akiiruka. Akaweka kidole kwenye skrini.

"Hiki kiprogramu kinatengenezwa katikati ya kazi, halafu kinatumika hapohapo kuandaa mafaili mengine. Sasa kinaendeshwa wapi? Kwenye laptopu au kule mtoni?"

"Kwenye laptopu."

"Na umekijenga kwa prosesa ipi?"

"Ya bodi." Mwanakheri akajishika kichwa. "Ndiyo maana laptopu inakikataa!"

"Faili lako ni zima kabisa, mwanangu."

Wakarekebisha mstari mmoja: kiprogramu kile kijengwe kwa ajili ya laptopu, vingine vyote kwa ajili ya bodi. Ikatokea hitilafu nyingine, wakaiondoa. Ya tatu iliwaweka mpaka wali ukapoa mezani. Saa tisa mchana kazi ikaisha bila kosa. Mwanakheri alitaka kucheka, akajikuta analia. Happiness alikataa malipo, akamsindikiza hadi kituoni.

Kifaa kikafungwa mtoni. Mwezi wa nne, alasiri moja, ujumbe uliingia kwenye simu za Chanzuru: maji yanapanda. Mvua ilikuwa milimani. Kwao jua linawaka. Mzee Hussein, baba yake Mwanakheri, aliuamini ujumbe ule, akawaita majirani. Wakapandisha watoto, mbuzi na magunia hadi shuleni. Maji yalifika kabla ya magharibi. Hakuna aliyeumia.

Kesho yake Mwanakheri alimpigia Happiness, akamsimulia yaliyotokea. Baba yake akaichukua simu.

"Mama, mimi Hussein wa Chanzuru. Hatujaonana. Leo nimeamka nina watu wangu wote, na mbegu ya kupanda ninayo. Ahsante sana."

"Nashukuru, mzee wangu. Mwambie binti, kosa lile mimi lilinitesa miezi miwili, sina wa kumuuliza. Nimefurahi yeye alikuja kuuliza."