Jibu la Nilab Halikuja

Nilab na mumewe Homayun walisomea udaktari wa meno darasa moja huko Mazari Sharifu, wakavaa majoho siku moja. Walipovuka mpaka kukimbilia mji wa Vahdat, upande wa Tajikistan, walipeleka vyeti vyao pamoja ili vitambuliwe. Cha Homayun kilithibitishwa na chuo. Kuhusu cha Nilab, chuo kilikaa kimya.

"Waandikie tena, dada," afisa wa kutambua vyeti alimwambia, kwa lugha yao ileile.

"Nimeandika mpaka nimechoka. Tangu watawala wapya wawafungie wanawake vyuo, barua zetu hawazijibu."

"Nakuelewa. Lakini wao wasiposema kwamba ulisoma, mimi nitasemaje?"

"Mume wangu alikaa dawati moja na mimi. Muulize."

Afisa akatabasamu kwa huruma. "Mume si chuo, dada yangu."

Basi Homayun akapata kazi kwenye kliniki, na Nilab akachukuliwa kama msaidizi wake, wa kuchemsha vifaa, kufuta damu na kushika mpira wa kufyonza mate. Mikono ilimwasha kila mumewe aliposhika koleo.

Siku moja bibi Saodat, aliyekuja kung'olewa gego, alimwona akiandaa sindano ya ganzi kabla hajaambiwa. "Mumeo kakufundisha vizuri, binti."

Homayun akatupa jicho mlangoni, alikosimama mkuu wa kliniki. "Anashika haraka, bibi," akasema, akacheka kidogo.

Mchana, wakila mkate na chai ya kijani, Nilab alimwuliza, "Nashika haraka?"

"Ulitaka niseme nini? Niseme wewe ni daktari, halafu watuulize unafanya nini humu bila kibali?"

"Ungenyamaza tu."

"Niliogopa, Nilab."

Alijua anasema kweli, na hilo ndilo lililombana zaidi. Angekuwa na mume mbaya angejua pa kuitua hasira. Afisa alikuwa mpole, mume mpole, na bibi wa watu alikuwa akimsifu.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa ya asubuhi, akaenda Dushanbe, kwenye chuo cha udaktari. Alikuwa tayari kuanza mwaka wa kwanza, akae na watoto wa miaka kumi na minane.

"Hakuna shida kabisa, karibu," karani alimwambia. "Tuletee tu cheti chako cha sekondari, kikiwa kimethibitishwa na huko kilikotoka."

Nilab akamshukuru, akapanda basi la kurudi. Alipoingia kliniki, mgonjwa wa saa tisa alikuwa ameshakaa kitini, kinywa wazi, na Homayun anamsubiri aje ashike mpira.