Mjomba wa Siku Moja

Wanaosema sheria haikuwepo ni waongo. Ilikuwepo. Niliisoma mwenyewe nikiwa mtu mzima, neno kwa neno, kidole juu ya karatasi, maana shule sikuiona: mtoto wa chini ya miaka kumi na minne asifume mazulia. Halafu mstari mmoja chini yake: isipokuwa karakana ikiwa ya familia yake. Mstari huo ndio uliokuwa mlango, na matajiri wa Bhadohi, mji wetu wa mazulia, walipita humo na mitambo yao yote ya kufumia.

Tajiri wetu alikuwa Tribhuvan Dube. Watoto sita tulikaa ubaoni mbele ya mtambo, miguu shimoni, tangu jua kuchomoza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wangu Jhunni saba. Vidole vyake vilikuwa vimechanwa na uzi, na vumbi la sufu lilimkaa kifuani hata mama akawa analala amemwekea mkono pale. Mama alitaka jambo moja tu: Jhunni atoke kabla kikohozi hakijamtoa. Baba alisema, atoke aende wapi?

Siku ya ukaguzi Dube alikuja mapema, ameoga, alama ya msandali ya tabaka la juu kwenye paji la uso.

"Leo hapa hakuna Tajiri," akasema. "Mkaguzi akiuliza, mimi ni nani?"

Akajijibu mwenyewe.

"Mjomba! Ndugu wa mama zenu. Semeni!"

"Mjomba."

"Kwa sauti, nyie kunguru!"

Jhunni akaniinamia. "Dada, kumbe mama ana kaka?"

"Fuma," nikamwambia. Sikumweleza ukweli. Mama alizaliwa peke yake. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya kaka na dada, wenzake walipowafunga kaka zao uzi mkononi, yeye alibaki na uzi wake kiganjani, na Jhunni alikuwa akimwona.

Mkaguzi Qidwai alifika kwa baiskeli, mkoba begani. Akatutazama nyuso, kisha vidole.

"Hawa wote wako?"

"Wapwa zangu, Bwana Mkaguzi. Damu moja. Wanajifunza kazi ya ukoo."

"Wapwa sita. Una dada wangapi?"

"Mungu kanijalia."

"Na wote wamefuata sura za baba zao," mkaguzi akasema. Lakini aliandika. Angefanya nini? Karatasi ilikuwa na nafasi ya neno "familia", na sisi tulikuwa tumeshaimba "mjomba" kama tulivyofundishwa. Akawa anatafuta pa kutia sahihi.

Hapo Jhunni akashuka ubaoni.

Kwetu mjomba akija, mtoto mdogo kuliko wote ndiye humpa maji. Karakana ilikuwa na mitungi miwili: wa Dube, juu ya kigoda, umefunikwa, na wetu, mdomo umevunjika, kando ya mlango. Watu wa tabaka letu la chini hatukuruhusiwa hata kuugusa ule wake, na yeye akinywa wetu angetengwa na ndugu zake. Jhunni akachota kwenye wetu, akalibeba kopo kwa mikono miwili.

"Mjomba, kunywa maji. Sukari guru hatuna."

Dube akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mtambo. Mlangoni binamu zake wawili walikuwa wamesimama, wanatazama.

"Leo nimefunga," akasema.

"Umefunga saa ngapi?" mkaguzi akauliza. "Si tulikunywa chai benchi moja pale njia panda asubuhi hii?" Akaishusha kalamu. "Mtoto kakuletea maji, mjomba. Kunywa, nitie sahihi, niende zangu."

Vumbi la sufu lilikuwa likitua ndani ya kopo. Hakuna aliyefuma.

"Mjomba, mikono inachoka," Jhunni akasema.

"Niondolee uchafu huo!"

Mkaguzi akatazama mtungi wa kwanza, akatazama wa pili. Akalikata lile neno "familia", akaandika "vibarua". Jioni ile mitambo ilifungwa kwa lakiri ya serikali.

Mnadhani yaliishia hapo? Mwezi haukuisha, Dube akafika uani kwetu na mkokoteni wa ng'ombe, mtambo umelazwa juu.

"Sasa sheria haina mdomo," akamwambia baba. "Nyumba yako, wanao, kazi ya familia."

Baba akashika nguzo ya mtambo ili aushushe. Mama akatoka ndani na kopo.

"Karibu, kaka," akasema. "Hujawahi kutia mguu kwangu. Maji kwanza, ndipo mtambo uingie."

"Mwambie mkeo asinifanyie mzaha."

"Mzaha gani? Si watoto walikuita mjomba mbele ya serikali?"

Dube akamtazama baba. Baba akaiachia ile nguzo. Baba yangu alikuwa mwoga maisha yake yote, lakini hilo namhesabia.

Mkokoteni ukageuka. Haukwenda mbali, uliingia ua wa tatu, kwa kina Bechan, majirani zetu, na pale hakuna aliyemtolea Dube maji.

Jhunni alianza shule akiwa na miaka minane, na kikohozi chake. Mimi nilikwenda kukata majani ya ng'ombe. Kutoka darasani alisikia chuma cha kupigia nyuzi kikigonga uani kwa Bechan, ambako watoto wanne walikaa ubaoni, wa damu yao kabisa. Mkaguzi alipita pale mara mbili. Hakuwa na la kuandika.