Baba Mtoto Alipokula Uji wa Norna

Torunn, mke wa mwanangu, alijifungua asubuhi kondoo wakiwa bado zizini. Mtoto wa kike, mwekundu kama kaa wa kuchemsha. Nikamfuta, nikamlaza kifuani kwa mama yake, kisha nikaingia kwenye kazi yenyewe, yaani uji.

Kwetu mtoto hazaliwi bila uji wa Norna. Ni shayiri na maziwa, na katikati unachimba shimo unajaza siagi bila uchoyo. Unaweka vijiko vitatu vya mti, na mdomo wa mtu haugusi bakuli mpaka Norna wenyewe, wale mabibi watatu wa majaliwa, waje wale chao na kumchongea mtoto maisha yake kwenye kijiti. Kikibaki, anakula mzazi. Hata Odin, mkuu wa miungu, na jicho lake moja hathubutu kuwachelewesha wale. Mimi nimewapikia mara saba na sijasikia asante hata moja.

Nikatoka kwenda kuzika kondo la nyuma. Kurudi, namkuta mwanangu Bergtor amekaa kwenye benchi, ndevu zinang'aa siagi.

"Bergtor! Umekula nini?"

"Uji, mama."

"Uji wa nani?"

"Si wa mzazi? Na mimi si mzazi?"

"Umezaa wewe? Hebu tuoneshe ulipochanika."

Torunn akasema kutoka kitandani, "Nilimkataza, mama. Akasema anakula upande mmoja tu."

Kweli alikula upande mmoja. Theluthi kamili, imenyooka kama iliyokatwa kwa kisu. Huyu mwanangu hata akiiba anaiba kwa nidhamu. Sijamaliza kumtazama, mlango ukafunguliwa bila hodi.

Aliyetangulia ni Urd, mkubwa wa Norna, amejikunja kama mzizi. Huyo anajua yote yaliyopita na hasahau hata moja, ndiyo maana hakuna anayependa kukaa naye karamuni. Nyuma yake Verdandi, mnene, bibi wa mambo ya sasa hivi. Jambo halijatokea, hana habari nalo, likipita, keshalisahau. Wa mwisho Skuld, mdogo wao, kisu kiunoni. Kesho yetu sote iko mkononi mwake. Walikuwa na tope jeupe mpaka viwikoni, lile la kisimani kwao ambalo wanausiribia mti wao mkubwa, ule unaobeba dunia, kila siku usije ukaoza. Wakajifuta kwenye blanketi langu jipya.

"Asgerd," Urd akanisalimu. "Ulimwaga maziwa ukiwa na miaka minne ukamsingizia paka."

"Karibu dada. Kaa ule."

Akala upande wake, akatoa kijiti cha mti, akamchongea mtoto ukoo wake, hata babu yake aliyeiba nyangumi hakuachwa. Verdandi naye akala, akalamba kijiko, akachonga huku akisoma kwa sauti: "Mtoto wa kike. Anapiga mwayo." Na kweli, mtoto alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa.

Skuld akachomoa kisu, akatazama bakuli.

"Na changu?"

Bergtor akajikuna sikio kwa mkono wenye siagi.

"Changu kiko wapi?"

"Mama yangu," Bergtor akamwambia Skuld, "nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu jana."

Urd akacheka mpaka akakohoa. "Mwenye kesho yote, hakuuona uji wa leo!"

"Mimi nauona," akasema Verdandi. "Bakuli tupu."

Uso wa Skuld ukawa mweusi. Akarudisha kisu alani. "Simchongi."

"Usipomchonga inakuwaje?" nikauliza.

"Hana kesho. Basi."

Bergtor akaruka kwa furaha. "Mama, umesikia? Hana kesho, basi hana siku ya kufa!"

"Mjinga wewe. Mtazame."

Kinywa cha mtoto kilikuwa wazi bado. Mwayo ule ule, haupungui wala hauongezeki. Nikamgusa shavu, joto lipo. Nikamtekenya unyayo, wapi.

"Alikuwepo mmoja hivi kule kaskazini," Urd akasema. "Alikuwa anaanza kupiga chafya. Mama yake akazeeka, akafa, akazikwa. Chafya haijatoka."

Torunn akaanza kulia. Nikavuta chungu. "Napika mwingine sasa hivi."

"Sisi hatuli vyungu viwili vya mpishi mmoja kwa siku moja," akasema Skuld. "Na kesho huyu hana."

Torunn asingeweza kusimama. Majirani wote wa kike walikuwa wamepanda mlimani na ng'ombe kwa majira ya joto. Tukamgeukia Bergtor, hata Verdandi, ambaye alikuwa amekwisha kumsahau.

Kwetu mwanamume hashiki mwiko. Alikuwepo mmoja ng'ambo ya ghuba, Eyvind, aliyemkorogea mkewe mgonjwa sufuria moja tu. Mpaka anaingia kaburini barazani walimwita Mama Eyvind.

"Mama, watu wakijua..."

"Bergtor," Torunn akasema, machozi bado yanamtoka. "Ukishika mwiko watakucheka watu. Usiposhika nitakucheka mimi, kila siku, na mtoto huyu kinywa wazi mkononi."

Akainuka. Akafunga aproni ya mkewe, mbele nyuma.

Mimi ni mvumilivu, huyo nimemlea mwenyewe. Nikakalia mikono yangu.

"Kinatangulia nini, maziwa au unga?"

"Siruhusiwi kukusaidia, mwanangu."

"Ameshaambiwa," Urd akasema. "Mara elfu moja na mia mbili. Alikuwa anatazama kondoo."

Akatia vyote pamoja. Akakoroga kama anayepiga kasia kwenye dhoruba. Uji ukapanda, ukafurika motoni, akauinamia aupulize, ndevu zikashika moto upande mmoja. Akazizima kwa mwiko. Mdomo wa Skuld ukacheza kidogo. Kisha Bergtor, jasho linamtiririka, akachota kidogo, akapeleka kinywani.

"USIONJE!" Tulipiga kelele wanawake wote watano kwa pamoja.

Hapo Skuld akacheka. Kicheko kama barafu ya ghubani inapopasuka. Alikaa chini sakafuni, akashika mbavu.

"Hajawahi kucheka," Urd akasema, na yeye ndiye wa kujua.

Uji wenyewe ulikuwa wa mabonge, chini umeungua, juu mbichi. Skuld akala wote. "Sijapata kula uchafu kama huu," akasema, akakwangua bakuli. Akachomoa kisu, akachonga alama moja, ndefu, mkono bado unatikisika kwa kicheko, na kisu kikateleza kikaenda mpaka karibu na ncha ya kijiti. Akaitazama. Akapandisha mabega. Kilichochongwa hakifutiki.

Mtoto akafunga kinywa, akameza mwayo wake, akaachia kilio kilichowaamsha kuku. Torunn akamweka titi.

Bergtor akajifuta uso. "Mama yangu Skuld, hiyo ni miaka mingapi?"

"Nianze kukuhesabia yake au yako?"

Bergtor akakumbuka ghafla kwamba kondoo hawajatolewa. Nikamdaka aproni mlangoni.

"Kondoo wana miguu, watatoka wenyewe. Chungu hakina. Rudi ukikwangue."