Nakala Safi ya Shairi la Dada

Watu wa darasa lile walifika wakiwa wamekwisha kuchoka, na uchovu wa kila mmoja ulikuwa na harufu yake. Fundi bomba alinuka kutu. Mama wa jikoni hospitalini alinuka vitunguu. Mpiga pasi wa hotelini alinuka mvuke na wanga, na kwa kuwa suruali yake ilikuwa na mkunjo ulionyooka kama rula hata saa kumi na moja jioni, walimwita Mzee Mkunjo. Jina hilo hakulikataa. Mtu huchagua vita vyake.

Darasa lilikuwa la watoto. Mchana watoto wakiondoka, watu wazima waliingia, wakajibana kwenye madawati mafupi, magoti yakigonga mbao kwa chini. Mzee Mkunjo hakuwa na haja ya kuwepo. Yeye alianza kusoma akiwa na ndevu, na vyeti vyake viwili vilikuwa vimetiwa fremu na kutundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuvikwepa. Alirudi darasani kwa ajili ya dada yake.

Dada mtu alikuwa na miaka sabini na mmoja. Arobaini kati ya hiyo alifagia ofisi za watu. Sasa alikuwa ameweza kusoma, kidole kikitangulia na macho yakifuata, kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake.

"Jumamosi mtawasomea watu wenu," mwalimu aliwaambia wiki ile. Alikuwa binti mdogo mwenye sauti iliyokauka kwa chaki. "Kila mtu aandike shairi la alikotoka. Sitaki jina la mahali. Nataka mlango, nataka kitanda mlicholala, nataka mikono iliyowalisha."

"Mwalimu, mimi nimetoka kazini," alisema fundi bomba, kichwa kikiwa kimelala juu ya dawati. Wakacheka kicheko cha watu waliochoka, kile kinachotokea puani tu.

Alhamisi, Mzee Mkunjo alikwenda chumbani kwa dada yake na daftari. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Mstari mmoja wa kuandika ulimchukua nusu saa na kumwachia vidole vilivyokakamaa, kwa hiyo walikubaliana: yeye aseme, mdogo wake aandike, kisha amtengenezee nakala safi yenye herufi kubwa.

"Andika kama ninavyosema," dada alionya.

"Nitaangalia mizani, Dada. Shairi lisilo na mizani ni maneno tu."

"Na mimi sina meno, lakini nakula. Andika."

Akafumba macho, akaanza kusema polepole:

*Nimetoka kwenye beseni la bati,*
*kwenye mikono ya mama iliyochubuliwa na sabuni.*
*Nimetoka kwenye nguo za watu waliokufa,*
*zile ambazo ndugu hawakuja kuzichukua.*
*Mama alizifua mara tatu, akazianika uani*
*ili mwenyewe akipita njiani asizione.*
*Nimetoka kwenye shati la marehemu,*
*lililokatwa mikono likamtosha mdogo wangu.*

Kalamu ilisimama. Dada yake akafumbua jicho moja.

"Imeisha wino?"

"Hapana."

"Basi maliza, maji yanapoa."

Alimaliza. Alisema kwaheri. Njia nzima hadi kwake alitembea kama aliyebeba gunia.

Maana hilo shati alilijua yeye, si dada yake. Dada aliliona likikatwa. Yeye ndiye aliyelivaa. Alilivaa siku ya kwanza ya shule, na kabla ya mapumziko mtoto mmoja aliyekaa nyuma yake alianza kulia. Alinyoosha kidole kwenye kiraka kidogo begani, kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. "Uzi wa mama huo," mtoto alisema. "Hilo shati la baba." Darasa zima likageuka. Mzee Mkunjo, akiwa na miaka minane, alitoka, akakimbia, na hakurudi tena shule hadi alipokuwa na miaka thelathini. Hakumwambia mtu sababu. Nyumbani walisema ni mvivu, akaona uvivu ni afadhali.

Baadaye, alipopata mke na watoto, alihitaji mahali pengine pa kutokea. Akampa mama yake cherehani. Haikuwa kazi kubwa. Alisema tu siku moja, mezani, kwamba bibi yenu alikuwa mshonaji, watu walipanga foleni mlangoni. Uongo ule ulikua pamoja na watoto wake. Binti yake alipoonyesha mkono mzuri wa sindano, ukoo mzima ulisema damu haipotei. Leo binti huyo alikuwa fundi cherehani mwenye chumba chake cha kazi, na kila mteja aliyemsifu aliambiwa, "Ni mikono ya bibi hii. Mimi nimerithi tu."

Na binti huyo alikuwa anakuja Jumamosi.

Ijumaa, baada ya kunyoosha shuka mia mbili na kumi, Mzee Mkunjo alikaa mezani kuandika nakala safi. Alijiambia anaweka mizani tu. Neno la kwanza lililobadilika lilibadilika kweli kwa ajili ya mizani. La pili lilifuata la kwanza. Ulipofika wakati wa chai ya jioni, shairi lilikuwa limenyooka kama kitambaa cha mezani:

*Nimetoka kwa mamangu, mshonaji wa hakika,*
*Cherehani yake kwangu, sauti ya kusifika,*
*Shati la mdogo wangu, jipya likakamilika...*

Alilisoma mara mbili. Lilikuwa zuri. Halikuwa na mtu ndani yake, lakini lilikuwa zuri.

Jumamosi alimpa dada yake karatasi mlangoni mwa darasa, wakati watu wanaingia. "Herufi nimeziandika kubwa," alisema. "Utaziona." Alijua hapatakuwa na nafasi ya kuisoma kabla. Alijua pia atakavyomjibu akikasirika: kwamba ni jambo la familia, kwamba mambo mengine hayasomwi mbele za watu. Jibu hilo alikuwa amelipiga pasi tayari.

Ndugu na jamaa walikaa nyuma, kwenye viti vya kuazima. Binti yake alikuwepo, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni kwa kuusahau. Mwalimu alimwita dada kwanza, kwa heshima ya umri.

Dada alisimama mbele akashika karatasi kwa mikono miwili. Kidole kikaanza safari. "Nimetoka. Kwa. Mamangu." Akapumzika. "M. Msho. Mshonaji."

Hapo alikwama. Akaisogeza karatasi karibu na uso, kisha mbali. Akakirudisha kidole mwanzo wa neno, akalivuka tena, silabi kwa silabi, na likatoka lile lile. Mzee Mkunjo aliangalia viatu vyake. Alingoja dada yake ainue kichwa aseme, hii nini. Lakini dada hakuinua kichwa. Aliendelea kusoma, neno baada ya neno, hadi mwisho, kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu yake.

Watu wakapiga makofi. Binti yake alisimama kabisa, akifuta macho kwa ncha ya utepe.

Dada alirudi akakaa kando yake. Dawati likalia.

"Umesoma vizuri, Dada," alinong'ona.

"Nimesoma kilichoandikwa." Alikunja karatasi mara moja, akailaza mapajani. Mbele, fundi bomba alikuwa anajikohoza aanze lake. "Hivi mama alikuwa na cherehani?"

Mzee Mkunjo alipitisha kidole kwenye mkunjo wa suruali yake.

"Mimi nilikuwa naona beseni," dada alisema, taratibu, bila hasira yoyote. "Miaka yote naona beseni na zile nguo. Hata Alhamisi nimeliona. Kumbe ni cherehani. Kichwa changu kimekwisha, mdogo wangu. Nilidhani ni miguu tu."

Lile jibu alilolipiga pasi halikumfaa kitu. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi haukuja. Ndipo akakumbuka dada yake ametoka wapi hasa. Miaka arobaini mwanamke huyu alifuta vumbi kwenye karatasi za watu bila kujua zinasema nini. Alichokijua ni kwamba karatasi ndiyo inayomfukuza mtu kazi, ndiyo inayomrudisha, na mbele yake maneno ya mfagiaji hayana uzito. Leo karatasi na yeye vimepingana, naye ameamua haraka nani amekosea.

"Dada, tutaongea nyumbani."

"Tuongee nini? Kama mama nimemsahau, hayo mengine ninayoyakumbuka nani ananihakikishia ni kweli?" Akayasugua magoti yake. "Acha tu. Msikilize mwenzio."

Fundi bomba alikuwa anasema ametoka kwenye nyumba isiyo na bomba, ndiyo maana akienda kwa watu hufungua maji akayatazama kwanza. "Ndiyo maana bili yangu ni kubwa," sauti ilisema kutoka kwenye viti vya nyuma, na watu wakacheka. Mzee Mkunjo hakusikia mzaha. Alikuwa anaangalia mkono wa dada yake juu ya karatasi ile, jinsi ulivyokuwa unaibembeleza isikunjamane, kama kitu cha ofisi.

Mwalimu akamwita.

Alikwenda mbele na shairi lake la beti kumi na mbili, vina vya kati na vya mwisho. Alilifungua. Akaona neno la kwanza ni *Fahari*. Akalifunga.

"Shairi mlilolisikia mwanzo," alisema, "si la dada yangu."

Binti yake akainamisha kichwa upande, kama anapopima bega la mteja.

"Yeye alinisemea lake, mimi nikaandika langu. Dada hakusahau kitu. Mimi ndiye niliyebadilisha." Alimgeukia. "Dada, njoo uliseme lenyewe."

Dada alimtazama. Kisha akaitazama karatasi.

"Wewe ndiye uliyebadilisha?"

"Mimi."

"Cherehani haikuwepo?"

"Haikuwepo hata siku moja."

Dada akavuta pumzi, akaitoa yote. "Miguu yangu imechoka," alisema. "Liseme wewe. Si ulikuwepo?"

Basi akalisema. Kulisema bila mizani kulikuwa kama kushuka ngazi zisizolingana. Kila mstari uliishia mahali asipopategemea. *Nimetoka kwenye beseni la bati.* Hakumtazama binti yake. Alitazama ukuta wa nyuma, palipobandikwa michoro ya watoto. *Nimetoka kwenye nguo za watu waliokufa.* Aliwasikia watu wakijiweka sawa vitini. Alipofika kwenye shati alidhani amemaliza, lakini mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka, na alikuwa amechoka mno kuufunga.

"Shati lile nililivaa mimi," alisema. "Nikaenda nalo shule. Mtoto wa yule marehemu alikuwa darasani, akakitambua kiraka, mama yake alikishona kwa uzi mwekundu. Nikakimbia. Ndiyo maana sikusoma nikiwa mdogo. Si uvivu."

"Kumbe," alisema dada kutoka kwenye dawati. "Na mimi nikakuchapa."

"Ulinichapa."

"Fimbo mbili."

"Tano, Dada."

"Ungesema." Aliipangusa karatasi mapajani mwake, ikaanguka chini, hakuiokota. "Mtoto mkaidi wewe. Ungesema tu."

Mzee Mkunjo aliona shairi linataka mwisho, mahali pa kukalia. Ni mazoea, mtu haachi mazoea ya miaka thelathini kwa siku moja. "Na mama," alisema, akiilainisha sauti, "alikuwa akifua huku anaimba."

"Hakuwa anaimba," alisema dada yake. "Alikuwa anakohoa. Usianze tena."

Mama wa jikoni alicheka, akajifunika mdomo. Mwalimu aliinamia daftari lake ambalo halikuwa na kitu cha kusoma. Mzee Mkunjo alibaki amesimama, mikono ikining'inia, na hatimaye akamtazama binti yake.

Binti hakuwa analia tena. Utepe alikuwa ameuvua shingoni, anauzungusha kwenye vidole. Baba yake alianza kuhesabu miaka aliyomdanganya, akaacha njiani.

"Shangazi," binti alisema, bila kumwangalia baba. "Hiyo mikono ya shati bibi aliikata kwa kitu gani?"

"Kwa wembe. Mkasi hatukuwa nao."

"Na pindo?"

"Kwa mkono. Alikuwa anakunja mara mbili, kitambaa cha ndani kikimeza cha nje." Dada aliinua mikono yake, akakunja hewa, akaishona kwa sindano isiyokuwepo. "Mishono midogomidogo kama mchanga. Ukiligeuza shati huoni ulipoanzia."

"Na kola?"

"Kola aliigeuza. Upande uliochakaa akauweka ndani. Subiri, nakwambia. Kulikuwa na koti pia, la mwanamke mmoja mnene, hilo lilitoa sketi mbili na mfuko wa shule..."

Binti alikuwa amesogeza kiti karibu. Mzee Mkunjo aliona hakuna anayemngoja tena. Akakaa kwenye kiti cha mwalimu bila kukaribishwa, akamsikiliza dada yake akitoa koti, kisha blauzi ya bluu yenye vifungo visivyofanana, kisha suruali ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameisahau kabisa.